Kima cha Chini

Kwenye karatasi ya mshahara wangu yameandikwa maneno hayo:
kima cha chini.
Sheria imesema wasishuke hapo.
Nao hawashuki, wala hawapandi.
Ghalani, nje kidogo ya mji wa Doncaster,
mashine ya mkononi hunihesabia maboksi:
mia na thelathini kwa saa, la sivyo inalia,
na Grazyna, msimamizi, hunitazama kwa huruma
ya mtu ambaye naye anatazamwa.

Basi na mimi nikajiwekea changu.

Haikuanza hivyo. Ilianza na Lwitiko,
mwanangu wa miaka kumi na mmoja,
aliponisukumia daftari katikati ya sahani:
Mama, robo tatu kutoa theluthi moja?
Nikamwambia kamuulize mwalimu, nina vyombo.
Vyombo vilikuwa viwili.
Nilivisugua mpaka vikaomba msamaha.

Januari nikanunua vitabu vitatu na kalamu za rangi,
nikaapa: saa mbili kila siku, mtihani mwezi wa sita.
Nilidumu siku nne.
Ya tano niliamka juu ya ukurasa wa tisa,
nukta ya desimali imejichapa shavuni.

Usiniambie haba na haba.
Kibaba changu kina tundu, nakijua.
Nilichofanya ni kushusha kipimo
hadi mahali ambapo uvivu wangu ulishindwa kuinama:
hesabu moja. Moja tu kwa siku.
Iwe imekosewa, iwe ya mtoto wa la tatu,
iwe saa kumi na moja alfajiri kituoni
theluji ikiandika juu ya ninachoandika.

Kuna siku nilikosa kalamu, nikatumia wanja
nyuma ya risiti ya maziwa.
Kuna siku ya homa, nikanakili swali
bila kulijibu, nikalala. Nikaihesabu.
Nani atanishtaki? Bodi ni mimi, mkaguzi ni mimi.
Na siku moja ya Machi niliruka kabisa.
Sikuilipa kesho yake kwa riba.
Kesho yake nilifanya moja.

Nimejifunza kwamba kwenye sehemu
kiasi hukaa juu, asili hukaa chini,
na asili ikizidi kukua kipande kinazidi kupungua.
Watu wengi, mkate mmoja.
Hesabu hiyo niliijua tangu Tukuyu,
sikujua tu kwamba ina mstari katikati.

Septemba, usiku, simu ikalia kutoka nyumbani.
Ambokile, anayenifuata.
Nilikaa jikoni, friji linanguruma,
nikavuta daftari kwa kuwa mkono ulishazoea,
na mkono ukaandika bila kuniuliza:
nane juu ya nane, kutoa moja juu ya nane.
Mama alituzaa wanane.
Jibu nililiacha wazi mpaka kukapambazuka.
Lwitiko akashuka, akaliona, akaandika saba,
akachukua kalamu nyekundu aniwekee vema,
kisha akanitazama usoni,
akairudisha mezani polepole.

Sijamaliza kitabu. Niko ukurasa wa sitini na mbili.
Mtihani wa Juni ulipita bila mimi,
kama basi lililojaa; litakuja jingine.
Leo mashine imenililia mara mbili.
Nimerudi miguu inawaka, nimevua buti moja,
na kabla ya la pili nimefungua swali
nililoliogopa tangu kwenye zile sahani.
Robo tatu kutoa theluthi moja.
Asili zao hazifanani. Usizilazimishe,
zitafutie kwanza mahali pa kukutania:
kumi na mbili.
Tisa kutoa nne.

Tano juu ya kumi na mbili.

Nimevua buti la pili.